Fundi wa Vifaru na Leseni ya Pikapu

Baba Mdogo ametengeneza giaboksi za vifaru vya jeshi kwa miaka ishirini na sita, na mtu akimwambia kwamba gari ni gari tu, humtazama kwa huruma. Injini ya dizeli ya kifaru ina silinda kumi na mbili, na giaboksi yake haishughulikii mwendo peke yake. Hata kona ni kazi yake. Dereva akivuta wenzo wa kushoto, mnyororo wa kushoto unapunguza kasi, wa kulia unaendelea, na lile dude la tani arobaini linageuka. Karakanani wanamjua kwa masikio yake. Sisi nyumbani tunamjua kwa maelezo yake, ambayo hayana breki.

Mwaka huu alinunua pikapu kuukuu kwa ajili ya mkewe. Mama Mdogo hushona sare za shule, na kwa miaka mingi alibeba mafurushi begani mpaka daktari akampiga marufuku. Shule zilikaribia kufunguliwa, sare za shule tatu zimejaa sebuleni, na kilichokosekana ni leseni tu. Baba Mdogo aliruhusiwa kuendesha vifaru ndani ya uwanja wa jeshi, lakini barabarani hakuwa na chochote.

"Leseni? Hiyo nachukua asubuhi, mchana nimerudi kazini," alijigamba.

Mtihani wa kwanza, kwenye kona, aliachia usukani akatafuta nyenzo za kuvuta. Yeye na trafiki aliyekuwa akimtahini wakaishia kwenye maua ya kituo cha polisi. Wa pili, aliambiwa ageuze gari kwenye njia nyembamba. Akatulia, akingoja lizunguke papo hapo kama kifaru. Trafiki naye akangoja. Walingojana sana.

Kila jioni alimalizia hasira zake jikoni, akimweleza mkewe habari za klachi kwa mifuniko miwili ya sufuria.

"Ikishikana, inazunguka pamoja. Ukiitenganisha, mmoja unapumzika. Usiikutanishe ghafla, itagombana."

Mama Mdogo aliitikia "mhm" huku akikaza vifungo. Nilidhani anamvumilia tu.

Mtihani wa tatu ulikuwa Alhamisi, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Alikwenda vizuri mpaka katikati, kisha akaegesha na kuzima injini.

"Siendi mbele na gari lenu hili," alimwambia trafiki. "Giaboksi inalia. Mkilazimisha, meno yataisha."

"Mzee, huu ni mtihani wako, siyo wa gari."

Akagoma. Akafelishwa. Alirudi kichwa chini, na kwa kweli iliniuma moyo.

"Nimekuangusha, mke wangu," alisema.

Mama Mdogo akafungua mkoba, akatoa leseni yenye picha yake mwenyewe. "Nimeipata jana."

"Nani kakufundisha?"

"Nimekwenda chuo cha udereva wiki tatu, ukiwa kazini. Wao wamenifundisha barabara. Klachi nilikwenda nayo kutoka hapa jikoni."

Baba Mdogo akaigeuza leseni mkononi. Niliogopa atanuna. Kumbe alikuwa anavuta pumzi. Alicheka mpaka akaketi juu ya mafurushi.

Jumatatu asubuhi sare zilijaza pikapu mpaka kiti cha abiria, hivyo mimi na Baba Mdogo tukabaki getini. Mama Mdogo akaondoka, akaanza kupanda kilima. Baba Mdogo akafumba macho.

"Umesikia alivyoingiza gia ya pili?"

"Sijasikia kitu, Baba Mdogo."

"Ndiyo hivyo," alisema, machozi yakimlengalenga. "Hakuna cha kusikia."