Mstari wa saba haukuwa na kina, na shairi lilikuwa la mwalimu wangu (Karagwe, miaka ya hamsini)

Wakuu, salaam. Mlionizidi umri, kama bado mpo humu, shikamooni.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na mitano, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yalinipata mwenyewe. Umri huu nidanganye ili nipate nini?

Nilikuwa shule ya misheni huku Karagwe, kwetu ni Kaisho. Wasichana tulikuwa wanne tu darasani.

Baba alishaapa: nikirudishwa nyumbani kwa utovu wa adabu hata mara moja, basi ni kibanjani kuchuma kahawa, kisha kuolewa.

Mwalimu wa Kiingereza, nimwite Kaiza, alikuwa Mhaya wa Muleba. Mkali kwelikweli.

Siku moja aliandika ubaoni soneti, shairi la Kiingereza la mistari kumi na minne, la mambo ya Wayunani wa kale. Mke anamsubiri mumewe aliyekwenda vitani, anasubiri mpaka anageuka jiwe.

Kazi yetu: kupima mizani, vina na umbo.

Mistari kumi na minne, sawa. Kila mstari mizani kumi, moja nyepesi, moja yenye mkazo, mara tano. Niligonga dawati kwa kidole kuhakikisha.

Vina vikapishana vizuri, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne, na miwili ya mwisho inafungana yenyewe.

Ila wa tano uliishia "alone", wa saba "rock".

Nikarudia mara tatu. Wenzangu waliandika vina vimetimia. Nani aseme ubao umekosea?

Nikanyoosha mkono.

"Samahani Mwalimu, mstari wa saba hauna mwenzake."

"Unasema shairi limekosewa?"

"Nasema 'rock' haipatani na 'alone', Mwalimu. Labda ingekuwa 'stone'."

Akautazama ubao, akatoka nje. Nikajua kesho niko Kaisho.

Akarudi na daftari jeusi. Akafuta "rock", akaandika "stone", akasoma mstari wote kwa sauti.

"Soneti hii nimeitunga mimi," akasema. "Niliwasomea walimu wenzangu, wakaisifu tu. Asante, mwanangu."

Wiki hiyohiyo alipanda baiskeli hadi kwetu, kumwomba baba niendelee hadi ualimu.

Baba akabisha: "Msichana anayemsahihisha mwalimu ataishi na mume gani?"

"Atakayemsikiliza."

Baba akacheka mpaka akajifuta machozi. Nikaenda, nikafundisha mpaka nikastaafu.

Mwalimu Kaiza alishatangulia. Fimbo alikuwa nayo mezani siku ile, na hakuna ambaye angemlaumu kama angenichapa.

Nilichojifunza: mkubwa akikubali kusahihishwa na mtoto mbele ya watu, mtoto yule haogopi tena kufikiri.

Nanyi, ni mwalimu gani aliwafanyia hivyo? Tuambieni hapa. Ila kama yu hai, mpigieni simu kwanza, mje kuandika baadaye.