Mwaka Nilioshindwa na Radi

Katekista wangu alifundisha dini miaka mingi katika kigango kimoja cha parokia yetu, mbele ya kijiji cha Kate. Msimu ule wa mvua radi ilipiga nyumba yake, ikaua mbuzi wawili. Akaniita mimi, padri wake. Nilinyunyiza maji ya baraka kila kona, nikasali sala ninazoziamini. Siku tisa baadaye radi ikarudi, ikaingia jikoni. Mkewe alikufa akisonga ugali.

Tulipomaliza matanga, katekista alikwenda kumwita bibi mmoja mganga wa ng'ambo ya bonde. Bibi akafukia dawa zake kuzunguka nyumba. Mvua iliendelea hadi Aprili. Radi ilipasua miti huku na huku, nyumba ile haikuguswa. Niliyaona kwa macho yangu.

Kabla ya Pasaka katekista alikuja kuungama.

"Padri, nilikwenda kwa mganga."

"Unajuta?"



"Najuta sikwenda mapema."

Kwa sheria, asiyejuta haondolewi dhambi. Nilimwondolea. Sikuwa na nguvu ya kumnyima.

Tangu siku ile misa ikawa kazi tu. Nilipoinua hostia nilikuwa nafikiria mikono inavyouma. Mapadri wenzangu mjini Sumbawanga waliniambia ni uchovu, nilale. Nililala. Niliamka nikiwa vilevile.

Mwezi wa sita, baridi imeshika, binti wa yule mganga alikuja parokiani. Mama yake alikuwa mahututi na alitaka mpako wa wagonjwa. Kumbe alibatizwa akiwa mtoto. Nusura nikatae. Niliwasha pikipiki nikaenda.

Nilimkuta amejifunika mablanketi matatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Padri. Nilidhani hutakuja."

Nikamuuliza swali ambalo padri hapaswi kumuuliza mgonjwa: "Bibi, ile dawa ya katekista uliweka nini?"

"Mizizi. Alinifundisha mama yangu."

"Inafanyaje kazi?"

"Sijui. Siku nyingine haifanyi. Mdogo wangu alipigwa na radi nimeshamwekea." Akapumua kwa shida. "Sasa naogopa, Padri. Soma."

"Hata mimi sina uhakika, bibi. Nimesoma kwingine, haikusaidia."

"Soma hivyo hivyo."

Nikavaa stola shingoni, nikasoma. Nilimpaka mafuta kwenye paji la uso na viganja vilivyokakamaa kwa jembe. Sikuhisi kitu. Yeye alilia taratibu, kisha akalala. Alifariki siku ya nne. Katekista alikuja mazikoni, akachimba kaburi pamoja na vijana, tena hakukubali kupokewa jembe.

Nilimweleza askofu yote. Hakunigombeza. Alinipa mapumziko ya mwaka mmoja. Sasa nakaa Malangali kwa dada yangu na kumsaidia shamba la mahindi. Jumapili nakaa benchi la nyuma. Watu wananiuliza nitarudi lini altareni, nawajibu sijui. Juzi jirani aliniita nimwombee mumewe anayeumwa. Nilikwenda, nikaomba, nikarudi kupalilia.