Kompyuta Mpya Imekataa Mgeni Mzee

Juzi, kwa fundi kompyuta hapa Tunduma, nilimkuta mama anayedarizi nembo za sare za kwaya. Programu yake ya nembo inafanya kazi kwenye Windows ya zamani tu, na sare zinatakiwa Jumapili.

“Nimejaribu kuiingiza Windows ile ndani ya kompyuta yako mpya, ikae kama mgeni,” fundi alisema akijikuna kidevu. “Mwenyeji amekataa, dada. Mgeni mzee mno. Kompyuta ya kwanza iko wapi?”

“Nilimpa mama mkwe, kule kijijini Ibaba. Nilimwambia, dude hili la kizamani litakufaa wewe.”

Akashika simu, akapiga goti kabisa. “Shikamoo, mama yangu mzuri...”

Mimi nami ni mama mkwe. Kompyuta ningeitoa, ila Jumamosi jioni.