Ng'ombe Aliyekamuliwa Hadi Kuzaa

Nyumbani kwa Bisesar, kule Tailevu, upande wa Fiji wenye mvua, mwenye ng'ombe hasa alikuwa mkewe, Phulmati. Yeye ndiye aliyekamua, ndiye aliyechemsha samli, na ndiye aliyeamua lini kiwele kipumzike. Kazi ya Bisesar ilikuwa kukata majani, kuangalia ua na kumpeleka ng'ombe kwa fahali.

Siku moja alikwenda kwa jirani yake Apisai kunywa kava, kinywaji cha mizizi cha wenyeji, akaacha lango bila kulifunga. Gauri, ng'ombe wao mwekundu, alikuwa kwenye joto la kutaka dume. Akatoka zake taratibu, na wanaume wakiwa bado wanapiga soga barazani, fahali wa Apisai akamaliza shughuli yake. Apisai alicheka hadi akamwaga kava. Bisesar hakucheka. Lango lile Phulmati alikuwa amelilalamikia tangu mvua za mwanzo, na fahali yule alikuwa wa nyama, kichwa kama kinu.

"Ndugu yangu, hili lisifike kwa mke wangu, Mama Nirmala."

"Mimi tena? Limekwisha kuzikwa," Apisai akasema.

Karibu miezi miwili ikapita. Asubuhi moja Gauri akaamka analialia, Phulmati akadhani anataka dume. Akamfungia mumewe kopo la samli la kulipia fahali, akamtuma kwa mzee Jagnandan ng'ambo ya mto, mwenye fahali wa mbegu ya maziwa. Gauri alimkataa fahali yule katakata, akarusha mateke hadi watu wakampisha. Bisesar akaelewa palepale kwamba ana mimba. Akaiacha samli, akarudi, na mkewe alipouliza akajibu, "Tayari."

Phulmati akaanza kuhesabu kuanzia siku hiyo.

"Tutaacha kumkamua Diwali ikishapita," akasema. "Atapata miezi yake miwili ya kupumzika, na sisi tutakuwa na maziwa ya kupikia vitamu vya sikukuu."

Bisesar alikuwa na nafasi tele ya kusema. Aliliona tumbo likijaa mapema. Aliona nyama za mkiani zikilegea, dalili ya kukaribia kuzaa. Lakini kila alipotaka kufungua kinywa alikuta si kosa moja tena; lango limezaa samli, samli imezaa lile neno "tayari". Akajipa moyo kwamba labda Gauri atakauka maziwa mwenyewe.

Kisha maziwa yakabadilika ladha.

"Baba Nirmala, hebu onja. Yana chumvi."

"Majani hayo."

"Si majani. Ni mikono yangu hii. Nimezeeka, nadhani namvuta vibaya." Tangu siku hiyo, kabla ya kukamua, Phulmati alijipaka mafuta ya nazi vidoleni, akawa anamwomba ng'ombe radhi kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mgonjwa. Bisesar alisimama kando na ndoo, akayasikia yote.

"Itakuwa uchovu tu," akasema.

Siku chache kabla ya Diwali, alfajiri, Gauri akazaa, miezi miwili kabla ya hesabu ya Phulmati. Ndama alikuwa mkubwa, lakini hakuweza kusimama. Phulmati akakamua haraka apate dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Yakatoka meupe, mepesi kama maji ya mchele. Kiwele hakikupumzika hata siku moja, kingelitoa wapi?

"Kimbia kwa Apisai, ng'ombe wake kazaa jana," akasema.

Bisesar akakokota miguu, lakini akaenda. Apisai alikamua birika zima na kulileta mwenyewe. Akachuchumaa karibu na ndama, akamshika kichwa.

"Haya, mkwe wangu," akamwambia Bisesar huku akicheka, "kichwa hiki hakikatai baba."

"Baba yake nani?" Phulmati akauliza.

Apisai akamtazama Bisesar, cheko likamkauka. Akaaga kwamba ana mihogo ya kung'oa.

Phulmati hakufoka. Alichovya vidole kwenye birika, akamnyonyesha ndama kidogo kidogo hadi akapata nguvu ya kunyonya. Kisha akasema bila kugeuka:

"Kumbe mikono yangu haikuwa na kosa."

"Haikuwa."

"Nawe ulikuwa ukinitazama."

Bisesar akaona afadhali angepigwa.

Ndama alipona. Gauri mwaka ule alitoa nusu ya maziwa yake ya kawaida, na vitamu vya Diwali vikapikwa kwa maziwa ya unga. Wageni walionja, wakatazamana, na mama mmoja mchokozi akauliza kulikoni nyumba yenye ng'ombe ipike kwa maziwa ya kopo.

"Ng'ombe wetu alizaa mapema," Phulmati akajibu kwa upole. "Mimi ndiye niliyekosea hesabu."

Bisesar alikuwa ameshika sahani. Alijua hapo ndipo pa kusema, mbele za watu, na kwamba sentensi moja ingetosha. Akainama, akala.