Ukuta Uliokunywa Kabla Yangu

Mvua imelowesha dispensari yetu, na harufu ya saruji imenirudisha kwenye kiangazi ilipojengwa. Haikupigwa plasta, mistari ya mbao ambazo fundi alimiminia saruji katikati yake bado iko ukutani. Akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, walichimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu, fundi akayamwaga ukutani asubuhi na jioni. Mama yangu alikuwa mmoja wao, nami mtoto kando yake.

"Mama, mbona ukuta unakunywa na mimi nina kiu?"

"Ukikauka haraka utapasuka. Wewe ngoja kidogo."

Leo injinia aliyetumwa kuamua kama dispensari itabomolewa amegonga kila pembe kwa nyundo, akafunga daftari.

"Haibomolewi. Iko imara. Pakeni rangi tu."

"Rangi wacha," nikamwambia, nikalaza shavu kwenye ile mistari. Lilitoka limelowa.