Sifuri Si Sawa na Sijui

Siku niliyokataa kuandika sifuri naikumbuka vizuri, mwanangu, na hasira yake bado ninayo. Jana ulinipigia kutoka Columbus ukilia: msimamizi wako kwenye nyumba ya wazee anataka uandike kwamba kila mzee amepimwa presha, na wewe hujampima hata mmoja, maana kipimo kimeharibika. Ukaniuliza, "Mama, I need this job, niandike tu?" Basi tulia unisikilize.

Nilikuwa kijana kama wewe. Nilikuwa nimebeba maboksi ghalani huko South End, Louisville, kisha nikaja kusoma Buffalo, nikapata kazi chuoni Amherst. Kazi yenyewe majirani zangu wa Grant Street, Buffalo, waliicheka: kukusanya habari za wanyama wasio na uti wa mgongo waishio chini kabisa ya bahari. Minyoo, kaa, kombe, na viumbe vingine ambavyo hata jina la kuvipa sina. Kila mnyama tulimwekea tabia zake kwenye kompyuta: anakula nini, anaishi muda gani, anachimba tope au hachimbi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hadi nikaipenda.

Sheria ilikuwa moja. Akichimba, anapewa alama. Tukiwa na hakika kwamba hachimbi, sifuri. Tusipojua, panaachwa patupu.

Sasa kulikuwa na mnyoo ambaye hakuna aliyewahi kumwona hai, alijulikana kwa mizoga ya kwenye chupa tu. Mkuu wetu, Daktari Wafula, Mkenya mpole asiyependa kuchelewa, aliona nafasi zake tupu akanuna.

"Jaza zero kila mahali, my sister. Deadline ni Friday, na hizi blanks zinatuaibisha."

"Bon, Daktari, huyu mnyoo hatumujue. Nikiweka zero, donc nasema tulimuona na hachimbe," nikamjibu kwa Kiswahili chetu cha Kivu, chenye Kifaransa ndani yake.

"Na nani atajua?"

Neno hilo lilinichoma, mwanangu, kwa sababu ya bibi yako. Mama alizaliwa Kivu msimu wa kuvuna maharage. Siku yenyewe hakuijua, wala haikumnyima usingizi. Tulipoandikishwa ukimbizini, karani hakuipenda ile nafasi tupu, akamwandikia Januari mosi. Wangapi mtaani kwetu walizaliwa Januari mosi! Kila mwaka mpya watu wa kanisa walimletea keki wakamwimbia, naye akageuka kutazama mlangoni: "Munamuimbia nani?" Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Zamani siku yake ilikuwa haijulikani tu, sasa ilikuwa ya uongo, na uongo huo ulikuwa na mhuri.

Nikamwambia Daktari, "Siandike. Na kama weye utaandika, utoe jina yangu."

"Basi contract yako siwezi renew."

Na kweli hakunipa mkataba mwingine. Nikarudi kwenye maboksi, mgongo ukauma, kodi ya nyumba nikailipa kwa kuungaunga. Niliumia, sikufichi, lakini heri kufa macho kuliko kufa moyo. Kama walijaza zile sifuri, sijui. Kama yule mnyoo huchimba, sijui mpaka leo, na neno hilo halijawahi kunitia aibu.

Kwa hiyo usiandike! Paache patupu, eleza pembeni kwamba kipimo kimeharibika, halafu weka jina lako kwa herufi kubwa. Presha ya mzee ikipanda, pale patupu patamfanya nesi aje kumtazama. Namba yako ya uongo itamwambia akae tu, mzee ni mzima.

Wakikufukuza, panda basi uje Buffalo. Ugali upo, na kitanda chako sijampa mtu. Mungu aushike mkono wako unapoandika, mwanangu, na siku zote akupe kinywa cha kusema hujui mbele ya mtu yeyote, hata yule anayekulipa.