Mafuta ya Kupikia Kwenye Mkanda wa Baba

Juzi nilikwenda Kabiria kumjulia hali shangazi, na wakati wa kurudi nikapita katikati ya muuza chipsi na fundi wa pancha. Mafuta ya yule wa kwanza yalikuwa meusi, yamekaangiwa siku nyingi. Yule wa pili alikuwa ametia mpira motoni. Harufu mbili hizo zikakutana puani mwangu. Wewe unanijua, rafiki yangu, mimi si mtu wa kuchafukwa na roho ovyo. Lakini niliinama kando ya mtaro nikatema mate mara tatu, hadi mwenye chipsi akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja tena, nimesimama kwenye banda la baba.

Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Siku za kazi alifunga tai. Jumamosi alivaa koti la kaki lenye matundu na kuingia kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, ambako aliweka mashine yake kuukuu ya kukereza mbao. Mota ilikaa chini ya meza, mkanda wa mpira ukapanda kutoka puli ya mota, gurudumu lenye mfereji, hadi puli ya juu, na gogo likazunguka mbele ya patasi. Kazi yangu ilikuwa kuzoa maranda, mengine ya kuwashia jiko, mengine ya viota vya kuku. Nilinukia mbao za saipresi hadi Jumatatu darasani, na mwalimu alizoea kusema kwamba mimi ndiye mtoto pekee anayenukia kabati jipya. Nilipenda hilo kuliko sifa yoyote ya hesabu.

Kisha kanisa letu likapata jengo jipya. Baba alisimama mbele ya waumini akaahidi kukereza nguzo ishirini na nne za uzio wa madhabahu, zote kabla askofu hajaja kufungua. Alipofika nguzo ya tano, mashine ikaanza kugoma. Ikiwa haina mzigo ilizunguka vizuri tu. Patasi ikigusa mti, mkanda ulipiga yowe, gogo likasimama, na moshi mwembamba wa mpira ukapanda. Baba alipokandamiza zaidi, patasi ilichimba shimo na nguzo ikawa kuni. Mama, ambaye alikuwa mshonaji na alikaa siku nzima kwenye cherehani, aliinua kichwa dirishani. "Huo mkanda unateleza," alisema. Baba akazima mashine. Akamwita rafiki yake.

Huyo rafiki alikuwa fundi wa gereji upande wa Parklands. Alikuja na simu ya mkononi kiunoni, wakati simu hizo zilikuwa za kuhesabika mtaani kwetu, na kila mara aliigusa kana kwamba itatoroka. Hakupiga goti kuangalia mashine. Alianza na kuku aliyepikiwa. Alimla hadi mifupa, akalamba vidole kimoja kimoja, kisha akaita, "Shemeji, niletee mafuta ya kupikia kidogo." Mama akaleta mkebe. Akauzamisha mkono wake mzima humo, na kucha zake zilizojaa grisi, akachota donge na kuupaka mkanda kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashine ilipowashwa, yowe likanyamaza.

"Unaona, mzee? Ilikuwa na kiu tu."

Baba alicheka kwa furaha. Mimi nilikuwa natazama mkebe. Alama za vidole vyake zilikuwa zimebaki kwenye mafuta, na pembeni mstari mweusi. Mama aliukwangua na kutupa nje. Mbwa wa jirani alikuja, akanusa, akaenda zake.

Baada ya nusu saa mashine ilikuwa imerudia ukaidi, sasa bila kelele. Lakini mafuta yalikuwa yameiva kwenye puli iliyopata moto, yakatoa harufu iliyoingia kwenye nguo, kwenye nywele, hadi kwenye chai. Usifikiri natia chumvi. Mende walijaa bandani. Nilipozoa maranda niliwakuta wamenata kwenye mkanda, wengine wamesagwa nusu, miguu bado inacheza. Fundi alirudi mara tatu, na mara tatu alikula kuku, na mara tatu akaomba mkebe. Mara ya mwisho mama alisema polepole, "Mimi naona ni mkanda."

"Shemeji," alimwambia bila kumwangalia, "hii si cherehani. Wewe tuletee chai." Kisha kwa baba, "Mzee, hii mota imeungua ndani. Wacha niende nayo, itolewe waya zote, itiwe zingine."

Alikaa nayo wiki mbili. Ilirudi imepakwa rangi ya kijani, inang'aa. Niliichungulia kwa karibu na nikaona mende aliyekauka juu ya kifuniko chake, mende wetu, amepakwa rangi ya kijani pamoja na mota, mabawa na yote. Hata parafujo zilikuwa bado na vumbi letu la mbao chini ya rangi. Hakuna bisibisi iliyoigusa. Nikamwonyesha baba. Akampitishia kidole yule mende.

"Wewe mtoto," alisema, "jifunze kuheshimu watu wazima."

Hapo ndipo kinyaa kilipotoka kwenye mafuta kikahamia kwa watu.

Jumatatu iliyofuata, baba akiwa kazini na sisi tukiwa likizo, mama alifunga leso kiunoni akaniita bandani. Akawasha mashine, akalikandamiza gogo kwa mpini wa patasi. Gogo likasimama. "Sikiliza mota," akasema. Nikasikiliza. Ilikuwa inaimba vilevile, haikuzama wala kuguna. "Ingekuwa imechoka, ingelia. Hii haijui hata kama huku juu kazi imesimama."

Akazima, akachomoa waya ukutani. Kwa chaki yake ya kushonea akachora mstari mmoja uliovuka puli ya mota na mkanda. "Shika gogo, usiliache." Nikalishika kwa mikono miwili. Yeye akainama, akazungusha puli ya mota kwa mkono. Mstari ukakatika mbele ya macho yetu: puli ilisonga, mkanda ukabaki palepale.

Tuliuvua ule mkanda kwa gazeti. Mbavu zake za pande zote mbili zilikuwa zimelika, zinang'aa kama kioo, na tumbo lake lilikuwa limezama hadi chini ya mfereji wa puli. "Mkanda wa namna hii hushika kwa mbavu," mama alisema. "Ukilala kwa tumbo hauvuti kitu. Halafu huyu anaupaka mafuta." Alipolitamka lile neno *huyu*, midomo yake ilipinda kama mtu aliyeuma limau bovu. Tuliosha puli zote mbili kwa petroli, tukafunga mkanda wa zamani kwenye mfuko wa karatasi, tukaenda mjini, Barabara ya Kirinyaga. Muuza vipuri alipoufungua mfuko alirudi nyuma.

"Mama, hii mmeipika?"

Baba alipofika jioni, mkanda mpya ulikuwa umekazwa mahali pake. "Jaribu," mama alimwambia. Alijaribu. Maranda yalitoka marefu, mororo, yakaanguka hadi kwenye viatu vyake vya ofisini. Akachukua gogo jingine. Nguzo zote zilikamilika kwa wakati.

Siku ya ufunguzi, baba alipewa kipaza sauti. Alimshukuru Mungu, akamshukuru askofu, kisha akasema, "Na namshukuru rafiki yangu fundi. Bila yeye, ile mashine ingekuwa imekufa." Yule fundi akasimama na suti yake, akainua mkono ule ule. Kanisa zima likapiga makofi. Nikamgeukia mama. Naye alikuwa anapiga makofi. Nikatoka nje.

"Mbona ulitoka ibada ikiendelea?" baba aliniuliza baadaye.

"Nilisikia harufu."

Akaangalia kando. Fundi hakualikwa tena kwetu, na tangu siku hiyo mashine ikitoa sauti ngeni, baba alikuja mlango wa jikoni na kusema, "Mama watoto, hebu njoo usikie hii kitu." Lakini kutamka yale aliyopaswa kuyatamka kanisani, hakuwahi, hadi tulipomzika.

Banda halipo; pale pamesimama fleti za ghorofa tano. Mashine ilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Uzio wa madhabahu nao uling'olewa, pakawekwa jukwaa la vigae na spika kubwa. Mwaka jana nilimuuliza mama kwa nini alipiga makofi siku ile.

"Nilikuwa nazipigia nguzo," alisema, akaendelea kupepeta maharagwe.

Nimejaribu kuridhika na jibu hilo. Bado sijaweza.